Mzee wa Draya na Paka Wetu Karani

Alikuwa na desturi ya kunawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kugusa kitu chochote chenye uhai. Hakunawa kabla ya kula tu kama sisi wengine. Alinawa kabla ya kumbeba mtoto wa mtu, kabla ya kumfunga mbuzi kamba, kabla ya kumsalimia mwanamke mwenye mimba. Maji aliyaweka kwenye debe nje ya mlango wa draya, na kando yake kipande cha sabuni ya kufulia alichokitoboa na kukifunga kwa waya ili watoto wasiende nacho. Ukimnyoshea mkono kabla hajafika kwenye debe, anaurudisha wake nyuma na kukuambia, "Ngoja kwanza, mimi bado ni pareto."

Draya ilikuwa nyumba ndefu ya mabati ya kukaushia maua, katika shamba la mzungu mmoja juu ya Kabazi, upande wa Subukia. Sisi wanawake tulichuma maua ya pareto shambani, yale meupe yenye kitovu cha manjano, tukayapeleka kwake kwa vikapu. Yeye aliwasha tanuru, akayatandaza maua kwenye trei za wavu, akakaa nayo mpaka yakauke, kisha yakatiwa kwenye magunia na kupelekwa Nakuru. Ukoo wake na kwao yalikuwa mambo ambayo hakuyazungumza, nami sikuyauliza. Shamba zima lilimwita Mzee wa Draya, hata mzungu mwenyewe, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa mchumaji, msichana niliyeolewa juzijuzi, mume wangu dereva wa trekta. Ilikuwa ile miaka ya hamsini. Namwandika mzee huyu kwa sababu nilimkosea katika habari ya paka, na kwa sababu nimeona watu wengi katika maisha yangu lakini hakuna aliyeniacha mdomo wazi kama yeye.

Siku ya kwanza nilipompelekea kikapu hakunitazama usoni. Aliingiza mkono kwenye maua mpaka chini, akautuliza humo kama mtu anayepapasa kitu kilichoanguka ndani ya mtungi, halafu akautoa.

"Hii umechuma kabla umande haujakauka," alisema. "Na huku chini umechanganya vikonyo. Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Nilikuwa na haraka ya kurudi nyumbani kumpikia mume wangu, ndoa ikiwa bado mbichi, lakini hilo sikulisema. Wanawake walionifuata kwenye mstari walicheka. Alinirudishia kikapu nikakichambue upya, na nilipokuwa nimeinama pale nikitoa vikonyo kimoja kimoja, nikitamani ardhi inimeze, alinisogezea kigoda kwa mguu. Ndivyo alivyokuwa. Ukali wake ulitoka kwa mdomo na huruma yake ikatoka kwa mguu, kana kwamba hataki mkono wa kulia ujue.

Wachumaji tulikuwa zaidi ya arobaini, naye aliweza kukwambia kikapu hiki ni cha nani hata kama kimeletwa na mwingine. Mmoja wetu alichuma kwa vidole vifupi, maua yake yakawa na shingo ya kikonyo. Mwingine aliyaminya. "Haya ya bibi ya trekta yana wasiwasi," aliniambia mwaka wa pili, na tangu hapo jina langu likawa hilo, Bibi ya Trekta. Sikuelewa maua yanaonaje wasiwasi. Nilichojua ni kwamba wiki ile mume wangu alikuwa mgonjwa na sikuwa nimemwambia mtu.

Kipimo cha joto kilikuwepo, kimetundikwa ukutani na mzungu, na mzungu alipokuja alikisoma. Mzee wa Draya yeye aliweka kiganja kwenye mlango. Alikiweka hapo kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, akaongeza gogo moja au akatoa moja. Moto ukizidi, alituambia, ile dawa ya kuua wadudu inatoka kwenye ua na kubaki majani ya kulisha punda. Na kujua kama maua yamekauka alitumia sikio. Alichukua ua moja kutoka kwenye trei, akalisogeza sikioni na kulifinya polepole. Nimejaribu mara nyingi kusikia alichokuwa akisikia. Mimi nilisikia ua likivunjika, basi.

Msidhani alikuwa mtu asiye na kasoro. Alikuwa mbishi, alikuwa na kinyongo na karani wa shamba kwa sababu ya jambo la zamani ambalo wote wawili walikuwa wamelisahau, na alikoroma mchana. Halafu kulikuwa na kinyonga. Mzee huyu, ambaye niliwahi kumwona akitoa nyoka kwenye rundo la kuni kwa ncha ya fimbo huku akiendelea kuzungumza, alikuwa akimwogopa kinyonga kuliko kitu chochote duniani. Siku moja kinyonga mmoja aliingia ndani ya kikapu cha maua, mdogo kama kidole. Mzee alimwona akitembea juu ya trei kwa ule mwendo wake wa kusitasita. Hatukumwona mzee tena mpaka saa nane. Tulimkuta ameketi juu ya jiwe kando ya mto, na swali lake la kwanza lilikuwa kama nani ameangalia moto. Tulimtania mwaka mzima, naye alikubali kutaniwa. "Macho yake hayaangalii mahali pamoja," alisema. "Mimi sipendi kitu ambacho sijui kinaangalia nini."

Sasa nifike kwa paka.

Draya ilipakana na chumba cha posho, unga na mahindi ya wafanyakazi, na panya walijaa. Kwa hiyo paliwekwa paka, jike la rangi ya majivu lenye soksi nyeupe mguu mmoja. Kila asubuhi alizunguka magunia yote, akinusa moja baada ya jingine na kusimama kidogo kwenye lile asiloliamini, na ndiyo maana tukamwita Karani. Karani wa kweli, yule wa daftari, hakufurahi hata kidogo. Nadhani jina lenyewe lilianzishwa na Mzee wa Draya, ingawa alikataa.

Mbele za watu alisema paka ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine na hapaswi kubembelezwa. Lakini saa ya mapumziko, alipokwisha kunawa mpaka viwiko, alivua koti lake la kazi, akaliweka kwenye benchi, na Karani akalala juu ya lile koti au juu ya mapaja yake, na mzee akakaa bila kutikisika hata miguu ikafa ganzi. Nilimwona akikosa chai kwa sababu paka alikuwa amelala. Hakumpapasa. Aliweka tu mkono wake mgongoni mwa paka, kama alivyouweka kwenye mlango wa draya.

Mwaka wangu wa tatu pale, Karani alishika mimba, na safari hii tumbo likashuka mpaka karibu liguse ardhi. Alikuwa akija nyumbani kwangu, kwenye kambi ya wafanyakazi, mchana kutafuta kivuli. Sikuwa nimepata mtoto bado, na watu walikuwa wameanza kunitazama tumbo, kwa hiyo nitasema wazi kwamba nilimpenda yule paka kupita kiasi. Nilimwekea gunia kuukuu kwenye pembe. Nikaona anajikuna usiku na mchana, mpaka shingo imetoka manyoya. Viroboto. Nikawaza watoto watazaliwa ndani ya viroboto vile, wadogo, hawana macho, na nikasema hapana.

Pale kambini kila mwanamke alijua dawa ya viroboto. Tulifagia vumbi lililodondoka chini ya trei za draya, tukalibeba kwenye kopo, tukalinyunyiza kwenye matandiko na mishono ya nguo, na kunguni wakafa wote. Kwa hiyo nilichukua kopo langu, nikampakata Karani, nikamsugua vumbi la pareto kinyume cha manyoya mpaka kwenye ngozi, mgongoni, tumboni, chini ya kwapa. Konzi mbili zilizojaa. Alitulia, akaanza kujilamba. Nilijiona mwerevu sana.

Wiki hiyohiyo mbwa wa shamba la jirani alikuwa ameingiwa na kichaa na kumuuma mchungaji wa ng'ombe. Mchungaji alipelekwa Nakuru kudungwa sindano za tumbo, na bwana wa mifugo akatoa amri: mbwa wote wafungwe, na mnyama yeyote atakayeonekana anatoa povu apigwe risasi mara moja. Hatukuzungumza jambo jingine. Kina mama waliwafungia watoto ndani.

Asubuhi baada ya mimi kumsugua lile vumbi, Karani alikutwa mbele ya draya akitokwa na mate.

Nilifika na kikapu changu nikakuta watu wamesimama mbali kwa duara. Alikuwa amelala ubavu karibu na debe la maji, kidevu kimelowa, povu pembeni mwa mdomo. Masikio yalikuwa yakirukaruka. Alijaribu kusimama, akakung'uta mguu mmoja, kisha mwingine, kama aliyekanyaga maji, akaanguka juu ya tumbo lake. Nyapara alishamtuma mtu kwa mzungu. Mzungu alikuja na bunduki, hakuwa mtu mbaya, na uso wake ulionyesha hapendi kazi hiyo.

Mzee wa Draya alikuwa ndani akiingiza maua. Alitoka, akatazama paka, akatazama bunduki, akatembea moja kwa moja mpaka katikati ya duara na kupiga magoti.

"Mzee, toka hapo," nyapara alisema. "Hiyo iko na kichaa."

Mzee alichota maji kwa kiganja akayapeleka mdomoni mwa paka. Karani alitetemeka, akajaribu, akalamba, akameza; mwenye kichaa hawezi kumeza maji. Mzee akatikisa kichwa taratibu kukubali. Akainama akaweka pua yake kwenye shingo ya paka, akavuta pumzi. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Alipitisha kidole mgongoni mwa yule paka, ndani kabisa ya manyoya, akakitoa, akakiweka kwenye ulimi wake.

Watu waliguna kwa pamoja. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alisema kwa sauti ndogo, "Amejiua huyo mzee." Hakuna aliyecheka. Sote tulijua mtu aliyeambukizwa kichaa anavyokufa, na yeye alikuwa ameonja manyoya yenye mate ya paka mwenye povu mbele ya macho yetu.

Alikaa amefumba macho kwa muda. Kisha akainuka.

"Si kichaa," alimwambia mzungu. "Ulimi imekufa ganzi. Hii ni pareto. Bwana, onja."

"Mimi hapana onja paka," mzungu alijibu. "Nani natia pareto kwa paka?"

Alikuwa akiniuliza mimi bila kujua. Siku hizo hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, na mtu hakuhama shamba kama anavyohama leo. Bwana akikufukuza anaandika kwenye kipande chako, ile karatasi ya kazi unayotembea nayo, na ukisimamishwa njiani na maandishi mabaya, hujui utalala wapi. Kulikuwa na mimi, na mume wangu, na nyumba moja ya udongo. Nilifungua mdomo. Mzee wa Draya akawahi.

"Ni koti yangu," alisema. "Yeye nalala juu yake kila siku. Koti yote ni vumbi. Zamani alikuwa na nguvu, sasa mimba imemlegeza. Makosa ni yangu."

Mwanzoni nilifikiri anadanganya ili kumkinga mtu. Nilimtazama usoni nikaona hadanganyi. Aliamini. Alikuwa ametafuta katika akili yake mkono uliompaka paka pareto, na hakupata mwingine ila wake, yeye anayenawa mpaka kwenye viwiko. Nami nikafunga mdomo.

Mzungu alisema amri ni amri. Mzee akamwomba muda, na muda wenyewe akaupima kwa kipimo chake. Maua yaliyoingia kwenye trei saa mbili ile asubuhi yangetoka saa kumi na mbili jioni. "Nipe mpaka hii trei itoke," alisema. "Ikiwa paka haitembei, piga yeye. Na mimi nifunge ndani pamoja na yeye tangu sasa, nikiwa na kichaa nisiume mtu." Mzungu aliondoa risasi kwenye bunduki akazitia mfukoni, akasema saa kumi na mbili.

"Nani ataniletea maji ya moto?" mzee aliuliza. Watu walitazama chini. Nikasema mimi.

Nilifanya hayo tu, nataka yaandikwe kama yalivyokuwa. Nilibeba maji kutoka kwenye jiko langu mara sita, nikayaweka mlangoni mwa chumba cha kuni kilicho nyuma ya tanuru, na kupitia mlango nikaona. Alivua koti akalitupa nje kabisa. Akavua shati. Akanawa. Akatia kiwiko ndani ya maji yangu kupima joto, akaongeza baridi kidogo, akamwosha Karani kwa sabuni ya kufulia, kila mahali nilipopaka mimi, tumboni kwa ncha za vidole tu. Alimsuuza, akarudia, akarudia mara ya tatu. Alipomaliza alimkausha kwa gunia safi, akaketi akiegemea ule ukuta wa tanuru wenye joto la kadiri, akamweka paka kwenye kifua chake kitupu.

Na huko Kabazi baridi si mchezo. Alikaa hivyo siku nzima. Karani alimkwaruza alipotetemeka, na damu ikamtoka mzee kifuani, hakumwondoa. Kila baada ya muda alichovya kitambaa kwenye maji akampa anyonye. Chumba alikitia giza kwa magunia na akanikataza kugonga ndoo, kwa sababu kila kishindo kilimshtua paka mwili mzima. Na maua? Maua hakuyaacha. Aliinuka huku amemkumbatia paka kwa mkono mmoja, akaweka kiganja cha pili kwenye mlango wa draya, akavuta pumzi mbili, akasukuma gogo kwa mguu. Nimesimuliwa habari za mashujaa wengi tangu wakati huo, wenye nguo nzuri na medali. Ninapojaribu kuwaona, namwona yule mzee kifua wazi, paka mkononi, akisukuma gogo kwa mguu.

Saa kumi nilipoleta maji ya mwisho aliniambia, kiganja kikiwa tumboni mwa paka, "Watoto wako wanne. Watatu wanacheza. Mmoja hachezi."

Saa kumi na mbili mzungu alikuja. Mzee alifungua trei ya kwanza, akachukua ua, akalifinya sikioni, akasema yamekauka. Ndipo alipomweka Karani chini. Paka alisimama kwa miguu iliyopanuka, akayumba kama mlevi wa Jumamosi. Alipiga hatua moja, akapumzika. Halafu akaenda, polepole, mpaka kwenye gunia la kwanza la chumba cha posho. Akalinusa. Akaenda la pili. Mzungu alicheka, akasema, "Karani narudi kazini," na akaenda zake. Mimi nilikwenda nyuma ya draya nikalia.

Alizaa kesho yake saa nne asubuhi, watatu wazima na mmoja aliyekufa. Mzee alimzika huyo mmoja karibu na rundo la kuni, akasimama hapo kidogo akiwa ameshika kofia.

Mtu angefikiri baada ya siku ile mapenzi ya wawili wale yangezidi. Yalikatika, na aliyeyakata ni mzee. Alipigilia msumari juu kabisa ukutani, akatundika koti lake huko. Karani alipomjia wakati wa mapumziko, yeye alisimama. Paka alimzunguka miguuni, akalia, akamtazama, naye akasimama na kikombe chake cha chai mpaka mapumziko yakaisha. Watoto wa paka walikua, wakataka kumparamia, akawaondoa kwa fimbo, taratibu. Akawa ananawa mara mbili badala ya moja. Nikimuuliza kwa nini hakai, alisema, "Mimi nilimuua mtoto wake mmoja. Hakuna haja ya kujaribu tena."

Nilikuwa na nafasi kila siku. Nataka msomaji ajue hilo. Mwanzoni niliogopa kufukuzwa. Baadaye hofu iliisha, ikabaki aibu, na aibu nayo ikawa desturi, kama mlango unaokwama ambao watu wa nyumba wameuzoea. Na jambo lililonifunga mdomo zaidi ni sifa. Mzee hakusahau ndoo zangu sita. Wachumaji wapya wakija, alininyoshea kidole. "Mwone huyu bibi ya trekta. Wanaume wote walirudi nyuma, yeye akaleta maji." Ungejibu nini?

Akaacha kazi macho yalipoanza kumsumbua, vumbi lilikuwa limeyachosha. Alienda kukaa na binti yake huko Longonot, ambaye mumewe alifanya kazi ya reli. Aliondoka bila kuaga mtu, ila kwamba siku ya mwisho tulimkuta ameweka kiganja kwenye mlango wa draya kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea mwisho, nami nilikuwa nimepata watoto wawili. Mume wangu alikuwa na safari ya Naivasha kuchukua vyuma vya trekta, nikamwambia anishushe Longonot. Sikumwambia sababu. Miaka saba ilikuwa imepita tangu siku ya paka.

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba ya reli, uso ameuelekeza mlimani, ingawa sijui aliuona kiasi gani. Nilisalimu. Hakugeuka. "Bibi ya trekta," alisema. "Bado uko na wasiwasi." Halafu akanyosha mkono kutafuta debe. Debe lilikuwepo, na sabuni ya waya. Hakuwa amegusa pareto kwa miaka mitatu, na alinawa mpaka kwenye viwiko kabla ya kunipa mkono.

Binti yake alileta chai. Nyuma yake alikuja paka mweusi mwenye kidoa kidevuni, akamkaribia mzee, na mzee akasimama mara moja na kikombe chake. Paka akaketi mbali kidogo, kama anayejua sheria za nyumba.

"Baba hataki paka," binti aliniambia. "Nimeshindwa kumwelewa. Kila jioni anamuuliza kama amekula, lakini akimkaribia anasimama."

"Mgeni huyu ndiye niliyekuwa nakwambia," mzee alimwambia binti yake. "Ndiye aliokoa ile Karani."

Niliweka kikombe chini.

"Mzee," nikasema, "haikuwa koti. Ni mimi. Nilimsugua vumbi kwa mikono yangu, nikitaka kuua viroboto. Siku uliyosema ni koti nilikuwa nimesimama hapo, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo. Yule mtoto aliyekufa ni wangu mimi."

Binti alisimama na birika mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa hata kufukuzwa. Treni ya mizigo ilipita, mabehewa mengi, tukaingoja sote iishe.

"Konzi ngapi?" akauliza.

"Mbili."

"Vumbi la juu au la chini ya trei?"

"La chini."

"La chini ndilo kali," alisema, kama anayemfundisha mchumaji mpya. Midomo yake ilikuwa ikitembea, na nilielewa kwamba anarudi nyuma mwaka mmoja mmoja, kila mapumziko aliyokunywa chai amesimama. "Basi haikuwa koti," alisema mwishowe. Alilisema mara mbili.

Aliinuka, akapapasa mpaka kwenye debe, akanawa tena. Mikono ilikuwa safi, nilikuwa nimemwona akinawa sasa hivi. Aliikausha kwa shati lake, akarudi kwenye kiti, akaketi, akaiweka mapajani, viganja vikitazama juu, na kutulia.

Paka hakuja. Kwa nini aje? Alikuwa amefundishwa. Mzee hakumwita. Alikaa tu akingoja, kama alivyongoja trei, na sisi wanawake wawili tukakaa kimya tusimharibie. Chai ilipoa. Kivuli cha nyumba kilifika miguuni mwetu. Ndipo yule paka mweusi alipokuja, akanusa vidole, akanusa kifundo cha mkono, akafikiri kidogo, akaruka.

Mzee alivuta pumzi mbili. Aliweka kiganja mgongoni mwa paka, akakishusha ubavuni, akakituliza tumboni, na uso wake ukawa ule uso wa mlangoni mwa draya.

"Hukuniambia iko na mimba," alimwambia binti yake.

"Sikujua, baba. Haonekani."

"Iko. Watatu." Aliendelea kuupumzisha mkono pale. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na kazi na wa pili ulikuwa umemzungukia paka asianguke. Halafu akageuza uso upande wangu.

"Na wewe bibi ya trekta," alisema, "hii usiipake kitu."

Nikamwambia sitaipaka.